Spea Zake Zinapatikana?

Mwanza, mtu akisema amenunua gari, swali la kwanza huwa hili: spea zake zinapatikana? Nimelisikia kwa walimu, kwa wachungaji, kwa wauza dagaa wa Kirumba Mwaloni, hata kwa bibi mmoja wa Magu ambaye sidhani kama amewahi kushika usukani. Ukilitazama vizuri ni swali zito. Halijali sana gari limeundwa kwa ustadi gani. Linaiwaza siku ambayo gari litalala njiani, na linachukulia kwamba siku hiyo itafika tu.

Mwishoni mwa 2024 familia yetu iliuza magari mawili ya mjomba, moja la Kijapani na jingine la Kimarekani, ili kulipia matibabu yake Bugando. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutafuta wateja, eti kwa sababu mwandishi wa habari anajua watu wengi. Basi ule ubishi wa vijiweni, nani anadumu kati ya Mjapani na Mmarekani, mimi niliuona ukigeuka kuwa fedha taslimu, na fedha zenyewe zilikuwa za dawa.

Niseme kwanza kuhusu majina, maana wasomaji wa ukurasa huu najua mnapenda maneno. Land Cruiser za series 70, zile ngumu za kazi, Watanzania tunaziita Mkonga, kwa sababu ya lile bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni ya kioo hadi usawa wa paa ili injini isinywe maji gari likikatiza mtoni. Ndugu zake wa kifahari, VX na V8 za waheshimiwa, tuliziita mashangingi, neno ambalo tayari lilikuwa la mwanamke wa mjini anayejipenda, mwenye fedha zake na asiyeogopa mtu. Gari moja lina jina la pua ya tembo, jingine lina jina la mama wa mjini. Gari la Kimarekani sijawahi kulisikia hapa kwetu likipewa jina la utani. Linaitwa kwa jina la kampuni, kama mgeni ambaye bado hajazoeleka.

Na ugeni huo unachekesha ukiijua historia, kwa sababu gari dogo la kwenda porini, lenye magurudumu manne yote yanayovuta, ni kazi ya Wamarekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Willys na Ford walitengeneza Jeep zaidi ya 600,000. Waingereza waliitazama Jeep wakapata Land Rover mwaka 1948. Wajapani nao waliitazama, na mwaka 1951 Toyota ikatoa gari lililoitwa, bila kificho chochote, Toyota Jeep BJ. Injini yake ilitokana na ubunifu wa Chevrolet. Walilijaribu kwa kulipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Jina la Jeep lilikuwa mali ya Willys, hivyo mwaka 1954 likabatizwa upya: Land Cruiser. Hata ile nidhamu ya viwanda vya Kijapani inayosifiwa dunia nzima, sehemu yake ilifundishwa na Mmarekani, mtaalamu wa takwimu W. Edwards Deming, aliyekwenda kutoa mihadhara Japani mwaka 1950. Wajapani wakaanzisha tuzo yenye jina lake, na Toyota ikaipata mwaka 1965. Kwa hiyo Mkonga unaopita Nyehunge ukitimua vumbi ni mjukuu wa Mmarekani aliyelelewa Japani. Nilimweleza fundi wetu wa Nyakato haya yote siku moja. Alinisikiliza kwa heshima, akafuta mikono, akasema, "Sawa dada. Lakini mjukuu ndiye anayejua njia ya kwetu."

Mjomba alikuwa mnunuzi wa sangara. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mialo ya Buchosa, Nyakalilo, Kahunda na mingine midogo isiyo kwenye ramani, kununua samaki kwa wavuvi, kuwapanga kwenye barafu, na kuwafikisha Mwanza kiwandani kabla hawajalegea. Kazi hiyo yote ni mbio dhidi ya barafu. Samaki akifika ana joto, kiwanda kinamkataa, na mvuvi kule mwaloni bado anakudai.

Land Cruiser yake, pickup ya mwaka 1993, aliinunua 1997 kwenye mnada wa shirika lililokuwa likihudumia wakimbizi wa Rwanda kule Ngara. Wale wazee mnakumbuka Benaco mwaka 1994, na mnakumbuka wakimbizi waliporudishwa kwao Desemba 1996. Mashirika yakafunga virago, magari yakabaki. Nadhani hapo ndipo watu wengi wa Kanda ya Ziwa walipoifahamu vizuri Land Cruiser: ilikuja na msiba wa jirani, ikabaki kubeba samaki, pamba na maharusi. Injini yake ni 1HZ, ya dizeli, silinda sita, cc 4,164, isiyo na tabo wala kompyuta. Pampu ya mafuta ni ya mitambo mitupu. Betri ikifa, vijana sita na mteremko mdogo vinatosha kuiwasha. Toyota walianza kuitoa injini hiyo mwaka 1990 na kwa miaka mingi hawakuona haja ya kuigusa.

Gari la Kimarekani lilikuja 2013, kutoka mnada wa mkandarasi mmoja wa migodi. Jina la kampuni nitalihifadhi, halina umuhimu. Lilikuwa pickup ya milango minne, namba B, ndani imetulia kama sebule, kiyoyozi kinachofanya kazi kweli (kile cha Land Cruiser kilikuwa kioo kilichoshushwa), na nguvu ambayo, nikiri, sijaiona kwa Mkonga wowote. Ukikanyaga, linaondoka. Mlima wa Busisi ulikuwa kama haupo. Mjomba alilipenda waziwazi, kama mtu anayempenda mtoto wa mwisho. Alianza kuvaa miwani ya jua.

Sasa, mjomba ni mtu wa kuandika. Ana daftari gumu, lile tunaloita kaunta buku, moja kwa kila gari, na kila shilingi iliyoingia gereji imo. Nilipokuwa naandaa mauzo niliyachukua yote mawili nikakaa nayo usiku mzima pale Pasiansi. Nilichagua miaka minne ambayo magari yote yalikuwa barabarani, 2014 hadi 2017, nikahesabu.

Mjapani aliharibika mara 53. Rudia kusoma. Mara 53! Bushi, springi zilizokatika, beringi za magurudumu, klachi mara mbili, stata, pampu ya maji, rejeta iliyozibwa kwa sabuni ya mche huko Kahunda ("600/=, sabuni, imeshika," ameandika). Mmarekani katika miaka hiyohiyo aliharibika mara sita. Sita tu. Ukiishia hapo, ushindi ni wa Mmarekani na hakuna mjadala.

Lakini mjomba alikuwa akiandika pia siku gari lilipoingia gereji na siku lilipotoka. Mjapani, kwa mara zake zote 53, alilala gereji siku 41. Yaani mara nyingi alitengenezwa akatoka siku ileile. Mmarekani, kwa mara zake sita, alilala siku 197.

Hapo ndipo niliposimama kuhesabu nikatengeneza chai. Nchi za wenzetu zinapopima uimara wa gari, zinapima muda linaokaa kabla ya kuharibika. Ni kipimo cha haki kabisa ukiwa na gereji ya kampuni kila baada ya kilomita 30 na simu ya kuita gari la kuvuta. Sisi tunapima kitu kingine, muda kati ya kuharibika na kuondoka tena. Kwa Kiswahili vyote tunaviita "kudumu," na ubishi mwingi wa vijiweni ni wa watu wawili wanaotumia neno moja kwa mambo mawili.

Ukurasa mmoja wa daftari la Mmarekani una mstari mfupi sana. Aprili 2016, Nyehunge. "Imegoma. Mzigo umeharibika." Basi. Hadithi yenyewe naijua kwa sababu nilipigiwa simu usiku ule. Mvua ilikuwa imeshiba, udongo wa mbuga ulikuwa umeshakuwa ule ugali mweusi tunaoujua, lakini gari halikunasa. Kwa kunasa lisingemshinda. Lilichofanya ni kuwasha taa ya njano kwenye dashibodi na kupunguza nguvu lenyewe. Injini inanguruma, kibati hakina tatizo, dizeli imejaa, na gari linatambaa kwa mwendo wa mtu anayekwenda msibani. Baadaye nilielezwa kwamba huo ni ulinzi: kompyuta ikipata taarifa isiyoiamini kutoka kwenye sensa, inaibana injini isijiue, ili dereva ajikongoje hadi kwa wataalamu. Ni wazo zuri. Tatizo ni kwamba wataalamu walikuwa ng'ambo ya ghuba, upande wa pili wa kivuko cha Kigongo–Busisi, na kivuko kilikuwa na foleni yake na saa zake. Lile daraja la kilomita 3 tunalopita leo kwa dakika chache limefunguliwa Juni 2025 tu.

Kilo 700 za sangara. Barafu iliisha alfajiri. Mjomba aliwagawia watu wa pale wale waliokuwa bado wanafaa, wengine wakaenda kwa wakaangaji kwa bei ya kutupa. Deni la wavuvi alilipa kwa miezi saba, na kuna wavuvi wawili hawakumuuzia tena. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo. Mwaloni hawakulaumu kwa mdomo.

Fundi wa Nyakato ndiye aliyenipa maelezo ninayoyarudia kila mahali. "Dada mwandishi," alisema, "Mjapani huyu anaumwa malaria. Kila zahanati inaijua, kila duka lina dawa. Mmarekani anaumwa ugonjwa unaotaka kipimo, na kipimo kiko Dar." Nikamuuliza, kwani Mmarekani ni mbovu? Akakataa katakata. "Ana chuma kizuri. Hana ndugu tu."

Undugu huo una sura yake. Ukihitaji difu ya Land Cruiser saa nne asubuhi, fundi anapiga simu Gerezani au Ilala kule Dar es Salaam, mzigo unapandishwa basi jioni, na kesho yake unaupokea kituoni ukiwa umefungwa kwa gunia la sulufeti. Ukikosa mpya kuna iliyotumika, ukikosa iliyotumika kuna ya Kichina, ukikosa zote kuna mtu Igoma ambaye gari lake limepinduka. Sensa ya Mmarekani wetu iliagizwa Afrika Kusini. Ilikaa njiani wiki tano, ikafika, ikawa ya toleo la soko jingine. Ikarudishwa. Zile siku 197 zilitengenezwa hivyo, wiki kwa wiki.

Nisiwe mshabiki. Kuna kampuni ya Kimarekani inayochambua taarifa za magari, iSeeCars, ambayo mwaka 2022 iliorodhesha magari yanayoweza kufika mbali zaidi. La kwanza lilikuwa Toyota Sequoia, na lilikadiriwa kuweza kufika karibu maili 296,500, zaidi ya kilomita 477,000. La pili Land Cruiser. Hapo mashabiki wa Mjapani wanapiga makofi. Lakini la tatu ni Chevrolet Suburban, Mmarekani halisi, na hiyo Sequoia ya kwanza kwa miaka yote hiyo ilikuwa ikitengenezwa Princeton, jimbo la Indiana, kwa mikono ya Wamarekani. Na Ford Ranger tunazoziona hapa? Ubunifu wake wa miaka hii ulifanyika Australia, na kiwanda kinachohudumia nchi nyingi za Afrika kiko Silverton, Pretoria. Ukisema "gari la Kimarekani" Mwanza, uwezekano ni mkubwa kwamba unazungumzia gari la Kiafrika kuliko unavyodhani.

Tena ukienda Geita, ndani ya mgodi, utakuta malori makubwa ya Caterpillar yakipanda na kushuka shimoni. Caterpillar ni Mmarekani. Hakuna anayeuliza kama spea zake zinapatikana, kwa sababu yeye alikuja na fundi wake, stoo yake na kompyuta yake ya kumsoma. Alihama na ukoo mzima. Nje ya uzio wa mgodi huohuo, pickup ya taifa hilohilo inakuwa yatima.

Ziwani nako ni hivyohivyo. Mvuvi wa Ukerewe akisema "mashine" anamaanisha Yamaha, aghalabu ile Enduro. Mashine za Kimarekani zilikuwepo, wazee wanazikumbuka Johnson na Evinrude. Utengenezaji wa Evinrude ulisitishwa kabisa mwaka 2020. Sikumbuki kuona mtu akiomboleza Nansio.

Turudi kwenye mauzo. Niliyapiga picha magari yote mawili siku moja, mahali pamoja, baada ya kuyaosha yote. Land Cruiser wakati huo ilikuwa na miaka 31, imefanyiwa ovahoo mara mbili, bodi imechomelewa hadi mahali pengine huwezi kujua chuma cha kiwandani kinaishia wapi, na mita yake ilikufa zamani hivyo hakuna anayejua imetembea kilomita ngapi. Siku ya kwanza nilipokea simu 19. Walikuja watu kutoka Kahama, kutoka Bunda, na mmoja alitoka Shinyanga usiku akafika alfajiri akiwa na fedha kwenye mfuko wa rambo. Hakuna aliyetaka kuijaribu barabarani zaidi ya dakika tano. Walifungua boneti, wakasikiliza, wakalala chini kuangalia chesisi, wakainuka. Ikaenda kwa milioni 34. Mzee wa Shinyanga alipoondoka nayo, mjomba alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani, miguu imevimba, na aliiangalia mpaka ilipokata kona ya Bwiru. Akaniambia, "Mama, gia ya pili ina kigugumizi. Ulimwambia?" Nilikuwa nimemwambia.

Mmarekani, mdogo kwa miaka mingi, viti vya ngozi, injini ambayo haijawahi kufunguliwa, alikaa kwenye tangazo miezi mitatu. Tangu 2019 alikuwa hawaki. Waliopiga simu waliuliza lile swali letu, nikawajibu ukweli, wakaniaga vizuri. Wa mwisho alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, fundi wa Buhongwa. Alitoa kidude kidogo kama kiberiti, akakichomeka chini ya usukani, akakitazama kwenye simu yake kwa muda bila kusema kitu. Akasema ana milioni 9, hana zaidi. Zilikuwa bili za mwezi na nusu. Tukachukua.

Kidude chenyewe ni cha Kichina, na alijifunza kukitumia kwa kutazama video za mafundi wa Brazili, lugha asiyoijua hata neno moja. Nilimtafuta miezi michache baadaye nikitaka kuandika habari juu ya vijana wa aina yake, maana mashangingi mapya nayo sasa hayafunguki bila kompyuta, na malaria ya Mjapani inaelekea kugeuka ugonjwa wa vipimo vilevile. Nikalikuta gari letu nje ya gereji yake, limewashwa, limetulia. Nilipouliza tatizo lilikuwa nini, alionekana kuona aibu kwa niaba yetu. Panya walikuwa wametafuna nyaya tatu karibu na injini. Sensa zote zilikuwa nzima. Gharama yote, pamoja na betri ya mtumba, laki moja na themanini. Sasa analikodisha kwa mnunuzi wa sangara, linakwenda Nyakalilo na kurudi mara nne kwa wiki, na kwa daraja jipya mzigo unafika kiwandani barafu ikiwa bado ina kona.

Nilijiuliza kwa wiki nzima kama nimwambie mjomba. Jumapili moja nikamwambia, baada ya chakula, polepole, nikiwa nimejiandaa kwa lolote. Alinyamaza kidogo. Akavua miwani, ileile ya jua, akaifuta kwa shati.

"Nyaya tatu," akasema.

"Tatu, mjomba."

"Na springi za nyuma ameziongeza jani? Maana zile za kiwandani, kilo mia saba ndio mwisho wake."

Nikamwambia sikuangalia. Akaniagiza nikaangalie.